Njia ya Kuufikia Uvimbe wa Mama Mdogo

Sikuwahi kufika Dar es Salaam hadi nilipompeleka mama mdogo Hospitali ya Muhimbili. Tulitoka Singida alfajiri kwa basi, tukapanda treni ya SGR Dodoma. Safari nzima alijifunika khanga usoni, kwa kuwa mwanga wa dirishani ulimzidishia maumivu ya kichwa. Alikuwa ametibiwa malaria, kisha vidonda vya tumbo, kwa sababu ya kutapika kila asubuhi, mpaka CT scan ilipoonyesha uvimbe katikati ya ubongo.

Tulielekezwa MOI, hapo hapo Muhimbili. Mgeni hushangaa kuambiwa ubongo unatibiwa kwenye taasisi ya mifupa, lakini ndiko waliko mabingwa wake.

Daktari alituonyesha picha za MRI kwa ncha ya kalamu. Uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya zabibu, wala si saratani. Ila ulikaa sehemu ya juu ya chumba cha tatu cha maji ya ubongo, penye mlango, na maji yakikwama pale mtu anaweza kufa ghafla. Kuuacha ni hatari. Kuufikia nako kuna hatari zake, na kila njia ina zake.

Unaweza kupita kwenye mwanya kati ya nusu mbili za ubongo, ukapasua kidogo daraja la nyuzi linaloziunganisha. Humo njiani kuna vena, na ikizibika moja mgonjwa anaweza kupooza mguu au mkono. Unaweza kutoboa ubongo wenyewe upande wa mbele, jambo ambalo ni rahisi zaidi vyumba vikishatanuka kwa maji, lakini kovu lake huweza kuleta kifafa. Au utoboe tundu dogo na kupitisha mrija wenye kamera. Jeraha lake ni dogo, ila damu ikivuja kamera haioni kitu, na ganda likibaki uvimbe unaweza kurudi. Njia zote zinaishia kando ya forniksi, utepe mwembamba wa nyuzi za kumbukumbu. Nimesoma kwamba Walter Dandy, kule Baltimore, aliutoa uvimbe wa namna hii mwaka 1921, bila CT scan wala MRI. Bado nastaajabu.

“Daktari, nikiamka nitawajua wanangu?” mama mdogo aliuliza.

“Ya zamani kwa kawaida hubaki, mama. Kinachoweza kuyumba ni kushika mambo mapya.”

Walikubaliana kutumia kamera. Fomu ya ridhaa alitaka asomewe yote: kutokwa damu, maambukizi, kiharusi, kupoteza kumbukumbu, kifo. Nilinyoosha mkono nisaini kwa niaba yake, akaichukua kalamu mwenyewe. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Alipozinduka ICU alinitambua, akauliza kama mwenye mkaa amelipwa. Muuguzi akampa maneno matatu ayashike: mbuzi, kitabu, mvua. Dakika chache baadaye alikumbuka mawili. Wakati huo ubongo ulikuwa bado umevimba kwa upasuaji, nasi tukaambiwa tusubiri.

Tuliporudi kliniki baadaye, alipewa maneno mengine. Akayataja yote matatu, kisha akaongeza mvua, lile lililompotea ICU. MRI haikuonyesha mabaki, na daktari amempangia nyingine mwakani, maana ganda likibaki hata kidogo huchukua muda kuonekana.