Uttaramerur: Kijiji Kilichoandika Sheria Yake Ukutani

Neno "kura" wanafunzi wetu hulijua kwa maana ya uchaguzi: mtu huingia chumbani, hutia karatasi yake sandukuni, akaenda zake. Lakini asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kile kitu kinachochotwa au kutupwa ili bahati iamue baina ya watu. Ndiyo maana hata leo watoto "hupiga kura" kujua nani aanze mchezo. Tulipokuwa tukitafuta mfano wa kuonyesha darasani jinsi maana hizi mbili zilivyokaa nyumba moja, tuliangukia habari za kijiji cha Uttaramerur, Kusini mwa India. Humo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu walichagua viongozi wao kwa kuchota majina katika mtungi, na sheria ya uchaguzi huo wakaichora katika kuta za mawe. Twapenda kuwasimulia wenzetu habari hizi, kwa sababu zina mafunzo mawili, moja tamu na moja chungu.

Uttaramerur iko katika wilaya ya Kanchipuram, jimbo la Tamil Nadu, upande wa kusini-magharibi wa jiji la Chennai. Leo pamekuwa mji mdogo, lakini kwa asili palikuwa kijiji. Sehemu ya pili ya jina lake ni Meru, yaani mlima wa miungu katika mapokeo ya Kihindu. Wala msomaji asidhani ni Meru wa Arusha. Wataalamu husema kijiji kilianzishwa mnamo mwaka 750, katika zama za Nandivarman II, mfalme wa ukoo wa Pallava. Mfalme huyo aliwapa ardhi hiyo Wabrahmani, yaani watu wa tabaka la makuhani na wanazuoni, na mapokeo husimulia kuwa waliopewa walikuwa 1200. Mwishoni mwa karne ya 9 utawala wa Pallava ulianguka, nchi ikaingia mikononi mwa wafalme wa Chola. Kijiji kiliendelea, wafalme walibadilika, baraza likabaki.

Kwa upande wa dini, kijiji hiki ni hazina. Kuna hekalu la Sundaravarada Perumal, lililojengwa kwa heshima ya Vishnu, ambalo lina orofa tatu, na katika kila orofa mna chumba kitakatifu. Chini Vishnu amesimama, katikati ameketi, juu amelala juu ya nyoka wake Ananta. Mwenye kuzuru hupanda ngazi akimwona mungu yule yule katika hali tatu. Kuna pia hekalu la Kailasanatha, la Shiva, lenye msingi wa mawe na mnara wa matofali, na hekalu la Subrahmanya, mwana wa Shiva, ambaye Watamil humpenda sana na kumwita Murugan. Hivyo wafuasi wa Vishnu na wafuasi wa Shiva waliishi na kuabudu katika kijiji kimoja. Mahekalu hayo yalikuwa pia ofisi ya kumbukumbu. Mtu akitoa shamba, dhahabu, au mafuta ya taa ya hekalu, sadaka yake iliandikwa ukutani, ili wajukuu wa wajukuu wasije wakaikana. Hivyo kijiji hiki kina maandishi ya mawe yapatayo 200, ya zama za wafalme wa koo mbalimbali.

Maandishi mashuhuri kuliko yote yamo katika kuta za hekalu la Vaikunta Perumal, ambalo ukumbi wake ndio uliokuwa mahali pa mikutano ya baraza. Yalinakiliwa na wataalamu wa serikali mwaka 1898. Ni maamuzi mawili ya baraza, ya mwaka 919 na mwaka 921, wakati wa Mfalme Parantaka I wa Chola. Inaonekana utaratibu wa kwanza haukutosheleza, kwa maana baada ya miaka miwili tu watu walikutana tena, mbele ya afisa wa mfalme, wakaurekebisha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji kiligawanywa katika mitaa 30. Kila mtaa uliandika majina ya wanaostahili, kila jina juu ya kipande cha jani la mvumo. Majani ya kila mtaa yalifungwa fungu moja, mafungu yote yakatiwa katika mtungi. Siku ya uchaguzi baraza zima lilikutana, wakubwa kwa wadogo, na makuhani wa kijiji wakakaa katikati. Kuhani mzee kuliko wenzake aliuinua mtungi juu ili kila mtu auone. Kisha akaitwa mtoto mdogo asiyejua kilichomo, akatoa fungu moja. Majani yake yakatiwa katika chombo kingine na kuchanganywa. Mtoto akachota jani moja. Msuluhishi alilipokea kwa kiganja kilicho wazi, vidole vyote vitano vimekunjuliwa, asije akaficha jani jingine. Akalisoma kwa sauti. Makuhani nao wakalisoma. Ndipo jina likaandikwa na kukubaliwa. Wakafanya vivyo hivyo hadi kila mtaa ukapata mtu wake. Kwa Kitamil desturi hii huitwa kudavolai, neno lililoungwa kwa "mtungi" na "jani".

Watu 30 waliopatikana waligawanywa katika kamati: 12 waliokwisha kukomaa kwa umri, elimu na uzoefu waliingia kamati ya mwaka, 12 kamati ya bustani, na 6 kamati ya bwawa. Walitumikia siku 360, kisha wakaondoka. Kamati nyingine, mojawapo ikiwa ya dhahabu, zilichaguliwa kwa mchoto wa namna hiyo hiyo.

Si kila mtu aliyeweza kuandikwa katika jani. Uamuzi wa 919 ulitaka umri kati ya miaka 30 na 60. Ule wa 921 ukapandisha hadi kati ya 35 na 70. Ilimpasa awe na shamba linalolipiwa kodi, lenye ukubwa wa zaidi ya robo ya kipimo kiitwacho veli, yaani kiasi cha ekari moja na nusu hivi. Ilimpasa awe na nyumba katika kiwanja chake mwenyewe, na awe na elimu ya maandiko matakatifu. Hapa pana jambo ambalo mwalimu hawezi kulipita kimya: aliyekuwa na nusu tu ya shamba hilo alikubaliwa, maadamu amehitimu katika Veda moja na anaweza kufafanua sherehe yake moja. Elimu ilijazia upungufu wa mali.

Aliyekuwa katika kamati yoyote katika miaka mitatu iliyotangulia hakuruhusiwa. Mwizi hakuruhusiwa. Aliyewahi kutumikia kamati asitoe hesabu zake hakuruhusiwa, wala jamaa zake: wana wa mama zake wadogo na wakubwa, mashemeji, wakwe, na wengineo waliotajwa mmoja mmoja. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Uttaramerur walilijua hilo, wakajua pia kuwa mali ya umma mara nyingi hupotelea nyumbani kwa shemeji.

Kwa nini kuwe na kamati ya bwawa? Nchi ile hutegemea mvua za msimu, na baada ya mvua hufuata miezi mikavu. Bwawa kubwa la kijiji, lililoitwa Vairamegha, ndilo lililonywesha mashamba ya mpunga. Bwawa lisipozolewa tope hujaa, na ukingo usipotazamwa hubomoka. Kwa hiyo watu sita wa kamati ile ndogo walishika roho ya kijiji.

Lugha ya maandishi yale nayo ina la kutufunza. Ni Kitamil, lugha ya nyumbani, kilichochanganywa na maneno ya Kisanskriti katika mambo ya dini na sheria. Sisi tunaosema "sheria", "hukumu" na "baraza" hatuwezi kushangaa. Lugha hukopa bila kuacha kuwa yenyewe, na kijiji kilichotaka sheria yake ieleweke kiliiandika katika lugha iliyosemwa na watu wake.

Tulipokuwa tukiwasomea wanafunzi wetu habari hizi, wakifurahia mtoto na mtungi wake, mmoja wao aliuliza: "Mwalimu, na wale waliolima mashamba hayo, majina yao yalitiwa mtungini?" Darasa likanyamaza. Jibu ni kwamba hayakutiwa. Baraza lile lilikuwa la Wabrahmani wenye ardhi. Wanawake hawakuwamo. Waliopanda mpunga na kuuvuna, watu wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa ya chini, hawakuwamo. Elimu iliyojazia upungufu wa shamba ilikuwa elimu ya Veda, ambayo wao hawakuruhusiwa kuisoma. Mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulifungwa kwa mkono mwingine.

Swali hilo la mwanafunzi lilikwisha kuulizwa na mkubwa. Tarehe 4 Novemba 1948, B. R. Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa katiba ya India, na ambaye mwenyewe alizaliwa katika tabaka la wanaoitwa wasioguswa, aliwapinga vikali bungeni waliotaka kijiji kiwe msingi wa dola. Kwake kijiji kilikuwa pango la ujinga na ubaguzi. Hata hivyo, katiba iliagiza mabaraza ya vijiji yaundwe, na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993 yakatenga si chini ya theluthi moja ya viti vya mabaraza hayo kwa wanawake, pamoja na viti kwa matabaka yaliyodhulumiwa. Mnamo Desemba 2020, jiwe la msingi la jengo jipya la bunge lilipowekwa huko New Delhi, Waziri Mkuu Narendra Modi aliitaja Uttaramerur kwa fahari. Fahari hiyo ina haki yake, lakini ni viti vya 1993 vilivyotia mtungini majina ambayo baraza la 921 liliyaacha nje.

Basi mwalimu afundishe lipi? Twaonelea afundishe yote mawili. Ampe mwanafunzi jani, mtungi, kiganja kilichokunjuliwa na hesabu zinazodaiwa, kwa kuwa hayo ni mema, na mabaraza mengi ya leo hayajayafikia. Kisha amwache aulize ni nani aliyebaki nje ya ukumbi. Anayeficha swali hilo hubakiza hadithi ya kujisifu tu. Na anayeuona ubaguzi peke yake huwanyima wanafunzi ushahidi kwamba watu wa kawaida, katika kijiji cha wakulima, waliweza kukaa pamoja, wakaona sheria yao ina kasoro, na baada ya miaka miwili wakaitengeneza upya. Kuta za Vaikunta Perumal zingali zimesimama, na serikali ya India inazihifadhi. Kazi ya kuzisoma kwa ukamilifu imebaki kwetu sisi wenye chaki mkononi.