Mchawi, mwenge na fomu iliyo kwenye begi

Najua nimekuwa adimu. UE zilitubana, sasa zimeisha, tunasubiri TP. Wenzangu wamekimbilia nyumbani, mimi nimebaki hosteli napaka rangi visanamu.

Ndiyo, visanamu. Wachawi, mazimwi, askari wa kufikirika, vile ambavyo Wazungu huvipanga mezani na kupiganisha vita kwa kurusha dadu. Kampuni kubwa ya mambo hayo, Games Workshop, iko Nottingham, Uingereza, na shindano lake la kupaka rangi, Golden Demon, lilianza 1987. Binamu yangu anayeishi huko aliniachia vinne alipokuja likizo. Kimoja ni mzee mchawi ameshika mwenge. Ana kama milimita 28, hafikii hata njiti ya kiberiti. Jamaa ninayekaa naye chumba alipomwona akasema, "Kaka, unaleta majini humu halafu unataka tulale?"

Sasa kasheshe ni huo mwenge. Kwenye nguo, mikunjo ya ndani unaiweka giza, sehemu zilizotuna unazing'arisha. Kwenye moto unageuza kila kitu: ndani kabisa ndiko kweupe, halafu njano, chungwa, nyekundu, na ncha zinaishia kwenye weusi wa moshi. Unaanza na nyeupe kote. Kisha njano iliyozimuliwa kwa maji unaiacha itiririkie yenyewe kwenye mifereji, halafu unapanda na rangi za giza kuelekea kwenye ncha. Wengi hufanya kinyume, nyekundu ndani na njano nchani, na moto unatoka kama ua. Sisi tuliosomea kibatari hapo hatuhitaji mwalimu. Nani hakuamka asubuhi pua imejaa masizi?

Lakini moto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mwanga wake kumwangukia mzee.

Kwanza, jifanye wewe ndiye mwenge. Unachokiona kutoka hapo kinapata mwanga, usichokiona kinabaki gizani. Mimi nilizima taa, nikamulika kwa tochi ndogo kutoka pale mwenge ulipo, nikapiga picha kwa simu. Picha ile ndiyo ramani yangu. Pili, umbali. Fizikia yetu ile ile: umbali ukiwa mara 2, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo mkono unawaka, uso wastani, joho magotini karibu giza. Na joho la bluu haligeuki chungwa mbele ya moto, linakuwa na weusi wa kahawia, maana bluu inaumeza mwanga wa chungwa. Tatu, hakuna kinachoruhusiwa kung'aa kuliko moto wenyewe.

La nne ndilo gumu: mwanga hauji kwa kuongeza njano, unakuja kwa kuthubutu kuweka giza kwingine kote. Ukimpaka mzee mzima rangi za mchana halafu ukamwekea chungwa usoni, haonekani amemulikwa. Anaonekana amemwagikiwa mchuzi!

Si mbali na Nottingham kuna mji wa Derby, alikotoka mchoraji Joseph Wright (1734–1797). Picha yake moja ya mwaka 1766, iliyoko makumbusho ya Derby, inaonyesha mtu akifundisha mwendo wa sayari. Taa imekaa mahali pa jua, lakini huioni, kuna mtu ameikinga kwa mwili wake. Unachoona ni nyuso za wasikilizaji, watoto wakiwemo, zinawaka. Nimeitazama kwenye simu mpaka bando likakata.

Mnaonifahamu mnajua sikutaka ualimu. Nilitaka sanaa. Nyumbani tuko sita, ada haikuwepo, na ualimu wa Fizikia ndio uliokuja na mkopo. Miaka miwili nimekaa darasani kama abiria anayesubiri basi la mwenzake. Mwezi uliopita nilichukua fomu ya kuahirisha masomo. Nikamgusia baba kwenye simu. Alinyamaza, akasema, "Mwanangu, uamuzi ni wako. Ila uamue ukishasimama mbele ya watoto, hata mara moja."

Basi nimepangiwa shule ya kata, haina maabara, na mada yangu ya kwanza ni mwanga. Nabeba wachawi. Mmoja nampaka mwanga wa kweli. Mwingine namwekea mwanga mgongoni wakati mwenge uko mbele. Nitawapitisha dawati kwa dawati, watoto waniambie yupi anadanganya na wamejuaje. Sijui kama watacheka au watanishangaa.

Wa kweli amebakiza joho. Wa uongo sijamgusa, na safari ni Jumatatu alfajiri. Fomu iko kwenye begi hilo hilo, sijaijaza, sijaichana. Mwenye brashi nyembamba aniazime, niko hosteli mpaka Jumapili usiku. Tuombeane wadau.