Bagamoyo kwa Baiskeli: Kuleni Kabla Hamjagombana!

Kama wikiendi zenu zimekuwa zile zile, Jumamosi sinema, Jumapili nyama choma na kila mtu macho kwenye simu yake, basi safari hii jaribuni kitu kingine: Bagamoyo kwa baiskeli. Wewe na mwenzi wako, baiskeli mbili, takriban kilomita 60 kutoka Mwenge, lami mwanzo mwisho. Wala msidanganywe kwamba lazima muwe na baiskeli za mamilioni. Yenye gia, breki zinazoshika na kiti kisichowatesa inatosha kabisa.

Ila kabla hujaanza kuwatambia wenzako ofisini, sikia hili. Wengi safari hii haiwashindi kwa sababu ya miguu, inawashinda kwa sababu ya tumbo. Nawafahamu wachumba wawili, wote watu wa gym, waliotoka bila kunywa hata chai eti "wakate mafuta", kila mmoja na kichupa kimoja cha maji. Walipofika Mapinga, kaka wa watu kimya. Walipofika Kerege, dada akamuuliza kwa upole, "Baby, unaendeleaje?" Akajibiwa kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia tangu waanze uhusiano! Safari ikaishia kwenye daladala, kila mmoja kiti chake, na kwa wiki nzima suala la harusi likawa la kujadiliwa upya.

Sasa jamani, yule kaka hakuwa na tabia mbaya. Alikuwa amekata moto. Mwili unatunza wanga kwenye misuli na kwenye ini, na ukikanyaga kwa nguvu akiba ile inakwenda saa moja na nusu, mbili hivi, basi. Ubongo nao unategemea sukari hiyo hiyo ya kwenye damu. Ikishuka, mikono inatetemeka, jasho linakuwa la baridi, macho yanaona mbali kama karibu, na hasira inakuja bila sababu. Wengine wanalia. Kwa hiyo mwenzi wako akikujibu vibaya kwenye kilomita ya 35, usimkumbushe ya mwaka juzi. Mpe ndizi.

Tuanze na usiku wa kuamkia safari. Wali maharage na samaki kidogo, au ugali na mboga, shibe ya kawaida. Asubuhi amkeni mapema mle kitu chepesi: chai yenye sukari, mkate wenye asali au vitumbua viwili, na maji glasi mbili. Chips mayai siku hiyo ziacheni, mafuta yanakaa tumboni muda mrefu na mtayasikia kwenye kila mlima. Ondokeni saa 12 asubuhi, mwanga ukianza tu, maana kufika saa 4 jua la pwani halina mchezo.

Kutoka Mwenge mpaka Tegeta hakuna cha kufurahia sana. Magari, pikipiki, na malori ya saruji ya pale Wazo. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mwepesi awe nyuma ili asimkimbize mwenzake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baridi ya asubuhi inawadanganya, hawana njaa wala kiu, basi hawali wala hawanywi. Shauri langu: wekeni alamu ya simu ilie kila dakika 20. Ikilia, mafunda mawili matatu ya maji. Ikilia mara ya pili, na kitu kidogo cha kutafuna. Ukisubiri njaa ikuume umeshachelewa, chakula kinahitaji muda kufika kwenye misuli.

Kiasi gani? Kwa safari ya saa tatu nne kama hii, mtu anahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Usitishwe na hesabu. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Tende ndogo nne au tano zinakaribia hapo hapo. Ndizi moja na tende chache kwa saa, umemaliza kazi. Mimi binafsi mpenzi wangu mkubwa ni kashata ya nazi: ndogo, tamu, inakaa mfukoni bila kupondeka, na haihitaji jina la Kizungu wala karatasi ya kung'aa. Kashata ya karanga nayo nzuri, ila mafuta yake ni mengi, ile taratibu.

Mkishavuka Bunju barabara inashuka kwenda Mto Mpiji, ambao ndio mpaka wa Dar na Mkoa wa Pwani. Kushuka raha! Kupanda upande wa pili ndipo mtajua nani alikula na nani alikuwa anajifanya mgumu. Teremkeni kwenye gia nyepesi, na msione aibu kusukuma. Baada ya hapo hewa inabadilika. Minazi, miembe, mashamba ya mihogo, watoto wa shule wanaowapungia mikono.

Hapo tuongelee maji. Kwa joto letu, nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa ni kipimo kizuri cha kuanzia, na anayetoka jasho sana anaongeza. Lakini maji matupu kwa wingi nayo ni hatari, hili wengi hawalijui. Jasho linatoka na chumvi. Ukijaza tumbo maji lita baada ya lita bila chumvi, sodiamu kwenye damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anachanganyikiwa, na hali ikizidi anaweza kupoteza maisha. Kunywa kwa kadiri ya kiu na jasho lako, si kwa mashindano. Chupa moja iwe ya maji, nyingine ya kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kamulia na ndimu. Ni vipimo vile vile mama zetu walivyofundishwa kliniki kwa mtoto anayeharisha.

Na madafu? Mtayakuta njiani na mnywe kwa raha zenu, yana potasiamu ya kutosha. Chumvi ya jasho ndiyo kidogo, kwa hiyo dafu lisindikizeni na karanga za chumvi au kipande cha muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili. Mkikuta mashine ya juisi ya miwa, glasi moja inawafufua.

Akina dada, najua siri yenu. Wengi hamnywi maji kwa kuogopa kukosa choo. Vituo vya mafuta viko njiani, simameni. Na wewe kaka, usiulize "tena?" kwa sauti ile. Rangi ya mkojo ndiyo mizani yenu: wa njano hafifu mko sawa, wa rangi ya chai ya rangi mnakauka. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo aongee kwanza na daktari wake, maana hesabu zake ni nyingine.

Kutoka Kerege, Zinga mpaka Kiromo ndipo penye utulivu. Mjue kwamba mnaingia mji ambao karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja, wapagazi na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani. Wale hawakutembea na njaa kwa kujionyesha. Walipewa posho, wakanunua chakula vijijini kwa vitambaa na shanga, na walipokaribia Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, walibeba chakula cha kuwavusha. Wanaosema jina Bagamoyo linatokana na "bwaga moyo" mtawaelewa mkiteremka kwenye baiskeli.

Mkifika, bia ingoje kidogo. Ndani ya saa moja hivi kuleni wali, samaki wa kukaanga na kachumbari, maji juu yake. Ndipo muende Kaole kuona msikiti wa kale na makaburi ya mawe, au mkae tu ufukweni muangalie majahazi.

Kurudi, panda daladala, patana na konda nauli ya baiskeli mapema. Mwenzi wako akisinzia begani kwako kabla hata hamjafika Zinga, mwache alale. Chupa yake mshikie wewe.