Gunzi la mahindi lilivyonikutanisha na mwanangu

Ikiwa una mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, shule zimefungwa, mvua inanyesha na yaya ameenda kwao, huhitaji kuelezwa jinsi siku inavyoweza kuwa ndefu. Mimi yalinikuta hayo yote kwa pamoja, na nimeona nikusimulie, kwani huenda nawe yanakungoja.

Ninaishi Githurai 45, ule upande wa Barabara Kuu ya Thika ulio katika Kaunti ya Kiambu, ghorofa ya nne, vyumba viwili. Kitinda mimba wangu alipotimiza miezi mitatu nilirudi kazini mjini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipanda matatu saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Nilimwacha mtoto amelala na kumkuta amelala. Aliyemlisha, aliyemwogesha na aliyemshika mkono alipopiga hatua ya kwanza ni yaya. Basi alipoanza kusema, yaya ndiye aliyeitwa mama. Mimi, kwa kuwa alimsikia mtoto wa jirani akiniita anti, nikawa anti.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka.

Shule zilipofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, yaya aliomba ruhusa ya kwenda kwao hadi Januari, nami nikachukua likizo yangu yote ya mwaka ili nikae nyumbani. Nilijiambia kwamba sasa nitajuana na mwanangu. Siku ya kwanza alilia mlangoni hadi saa tano. Siku ya pili nilimpa simu atazame katuni, akanyamaza, nami nikaona aibu kwa sababu nilifurahi kunyamaziwa.

Nilikuwa na kitabu cha mitumba, kilichotoka Uingereza, cha kazi za mikono za kufanya na watoto wadogo wakati wa likizo. Kila ukurasa ulisema okota majani mekundu yaliyoanguka, okota matunda ya msonobari, chonga boga. Kamusi inasema msimu huo wao ni vuli. Lakini vuli yetu sisi, msomaji, ni mvua! Wakati miti yao inapukutika, yetu ndiyo kwanza inachipua, na njia za Githurai zinageuka tope la kumeza kiatu. Majani mekundu ningeyatoa wapi?

Hata hivyo kitabu hicho kilinifumbua macho. Nilishuka sokoni karibu na mzunguko wa barabara nikatazama chini badala ya kutazama vilivyopangwa juu ya meza. Wauzaji wa ndizi walikuwa wametupa majani makavu ya migomba waliyofungia mikungu. Mchoma mahindi alikuwa na rundo la maganda na ndevu zake, na magunzi yaliyokwisha kutafunwa. Fundi wa nguo alikuwa na gunia zima la vipande vya vitambaa. Nilijaza kikapu bila kulipa hata shilingi. Mchoma mahindi aliniuliza kama nafuga mbuzi ghorofani.

Sasa nikuambie kosa langu kubwa, ili usilirudie. Jambo la kwanza nililotaka kumtengenezea ni kayamba, yaani chupa ya plastiki yenye maharagwe ndani. Nilimpa kijana maharagwe ayatie mwenyewe katika mdomo wa chupa. Aliyatia vizuri kweli. Nikageuka kutazama maziwa yaliyokuwa jikoni, na niliporudi, haragwe moja lilikuwa limeingia puani.

Usijaribu kulichokoa kwa njiti wala kwa kidole, utalisukuma ndani zaidi. Wala usingoje hadi kesho, kwani haragwe likipata unyevu hufura. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimfunga kwa shuka, akalitoa kwa kifaa chenye ncha iliyopinda, kazi ya dakika mbili. Kijana alilia akimwita mama, mama, huku akitazama mlangoni. Muuguzi akaniambia, kwa wema tu, "Mama yuko hapa, mtoto, usilie." Mimi nilijua anamwita nani.

Tangu siku hiyo nina kipimo. Chukua ule mrija wa karatasi unaobaki karatasi ya msalani ikiisha. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Maharagwe, shanga, vifungo, na hata vifuniko vya soda ambavyo sisi tulikuwa tukivifanya magurudumu ya magari ya pakiti za maziwa, vyote vinapita. Kamba ya kuvutia gari nayo iwe fupi sana, isije ikamzunguka shingoni.

Tulianza upya na gunzi. Msomaji wa rika langu atakumbuka, sisi wasichana tulibeba magunzi mgongoni tukiyabembeleza, na lile lenye ndevu ndefu ndilo lililosukwa nywele. Niliosha gunzi nikalikausha. Kijana akachagua kitambaa, cha rangi ya machungwa yenye madoa, nami nikakifunga kwa utepe wa jani la mgomba. Ndevu za mahindi tulizibandika kwa gundi ya unga. Gundi hiyo ni rahisi: vijiko vitatu vya unga wa ngano vikorogwe kwa maji baridi hadi viwe laini, kisha umimine kikombe kimoja cha maji yanayochemka na uzidi kukoroga juu ya moto hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Iache ipoe kabisa. Mtoto akiilamba haimdhuru, na wangu aliilamba.

Hapa nataka kusema jambo ambalo sisi wazazi hatupendi kulisikia. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, ni wangapi kati yetu tumekesha usiku tukikata maboksi na kubandika karatasi, huku mwanafunzi mwenyewe akikoroma? Kifungua mimba wangu yuko darasa la nne, na nyingi ya kazi zake zilizosifiwa darasani ni zangu. Mazoea hayo niliyaleta kwa mdogo wake. Alipobandika nywele tumboni, nilizibandua nikazirudisha kichwani. Akazirudisha tumboni. Mara ya tatu aliacha, akaenda kukaa mlangoni.

Dada yake ndiye aliyeniambia, "Mama, si ni wake?"

Basi mwanasesere wetu alikuwa na nywele tumboni. Nilimwita mtoto arudi, nikamwambia ni mzuri. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniletea jani la mgomba nimfunge tena.

Tuliendelea hivyo, asubuhi baada ya asubuhi. Tulitengeneza mpira kwa soksi kuukuu iliyojaa vitambaa vya fundi, tukaufunga kwa majani ya mgomba yaliyolowekwa ili yasikatike. Kaka zangu walikuwa wakiifunga mipira yao kwa karatasi za plastiki, lakini tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 karatasi hizo ni adimu, na kwa mtoto mdogo heri ziwe hazipo. Mpira wa vitambaa haurudi juu sana, ila hauvunji kitu na jirani wa chini halalamiki.

Bamia nayo ukiikata kwa kuvuka, utaona ua lenye pembe tano. Ichovye kwenye manjano iliyokorogwa na gundi ile, umwache apige mihuri kwenye gazeti la zamani. Lakini mvue nguo kwanza! Manjano haitoki. Nina shati jeupe la kazini lenye maua matatu ya bamia kifuani, na nimelivaa chini ya koti tangu hapo.

Siku ya chapati nilimpa donge lake. Wapo wanaokanda unga kwa chumvi nyingi ili kitu kikauke na kudumu. Kwa mtoto anayeonja kila kitu usifanye hivyo, chumvi hiyo ni hatari kwake. Mpe unga wa kawaida, lakini usimwache aule mbichi. Hakifiki jioni, lakini naye haulizi kitu kiko wapi.

Sitakudanganya kwamba machozi yaliisha. Mwanangu hakai na kazi moja zaidi ya dakika kumi, na kuna siku nilimpa simu tena kwa kuchoka. Tena aliendelea kuniita anti hadi Krismasi, kisha akawa haniiti kwa jina lolote, ananivuta nguo tu. Nilipima nguvu za mvuto huo kama mtu apimaye sukari kwenye mizani.

Yaya alirudi juma la kwanza la Januari, na begi lake na ndizi kutoka kwa mama yake. Kijana alimsikia kwenye ngazi kabla yangu. Alimkimbilia akimwita mama, akabebwa, akaficha uso shingoni mwake. Nilisimama mlangoni nimeshika begi la watu, nikimkaribisha dada wa watu kwa furaha, maana sina ugomvi naye. Bila yeye nisingekuwa na kazi wala mtoto mwenye afya.

Baada ya muda kijana alishuka, akaingia ndani mbio. Alitoka na gunzi. Kitambaa kilikuwa kimefunguka. Alipita mbele ya yaya, akaja hadi nilipo, akaninyoshea pamoja na utepe wake wa mgomba, na kusubiri niweke begi chini.

"Wewe," akasema, "funga."