Jina la Mpwa Wangu

Mwandishi mwenzangu, unapobonyeza herufi kwenye kompyuta usidhani mashine inaiona herufi. Inaona namba. A kubwa ni 65, basi. Sisi wa Kiswahili tumeponea hapo, maana herufi zetu zote zilikuwemo kwenye ile orodha ndogo waliyoitunga Wamarekani miaka ya 1960. Hata hatujui kama kulikuwa na foleni. Wakorea wanajua.

"H" yao huandikwa hivi: ㅎ. Ni ya tangu enzi za Mfalme Sejong, aliyetangaza alfabeti yake mwaka 1446 ili watu wa kawaida waachane na taabu ya maandishi ya Kichina. Sasa, herufi hizi hazifuatani kama mabehewa ya treni. Zinabebana, kila silabi na kisanduku chake. "Han" ni ㅎ, ㅏ na ㄴ, lakini zinakaa pamoja: 한. Je, namba apewe nani, herufi au kisanduku?

Jibu la zamani linaniudhi mpaka leo. Kiwango cha Korea cha mwaka 1987 kilitoa namba kwa visanduku 2,350 tu, vile vinavyotumika sana. Vinavyowezekana ni 11,172! Kati ya 8,822 vilivyoachwa nje kimo 똠, ambacho Mkorea anakihitaji akitaka kuandika jina la ile supu ya Kithai, tom yam. Yaani supu unayo mezani, neno unalo mdomoni, mashine inakwambia hakuna kitu kama hicho. Mwaka 1996 ndipo toleo la pili la Unicode lilipoviingiza vyote kwa mpangilio. Lakini njia ya herufi mojamoja nayo ikabaki. Ndiyo maana ㅎ ina namba tatu: 4370 ikianza silabi, 4546 ikiifunga, 12622 ikisimama peke yake.

Haya yamenihusu kwa sababu ya Han. Ni mtoto wa dada yangu, kazaliwa Ansan huko huko Korea, sijapata kumtia machoni. Riwaya yangu (ya tatu kuianza, ya kwanza kuimaliza) nimemtunukia yeye, nikataka jina lake likae ukurasa wa mwanzo kwa maandishi ya kwao. Dada akanitumia picha ya mtoto, na faili lenyewe kaliita kwa jina hilo. Kumbe kompyuta ya aina yake huhifadhi majina ya mafaili kwa herufi mojamoja. Nikalinakili jina, nikaenda steshenari kuchapa.

"Kaka, hivi ndiyo vitu gani, vijiti?" kijana wa pale akauliza.

Ukurasani palikuwa na ㅎㅏㄴ. Mtoto kavunjwa vipande vitatu. Sikutegemea kama ingeniuma vile.

"Si tuandike Han tu? Nani atakayesoma Kikorea hapa Dar?"

"Atasoma mwenyewe," nikamwambia. "Nipe kalamu."

Kisanduku hukikariri, unakipiga hesabu. Herufi za kuanzia ni 19, irabu 21, za kufungia 27, na ukiongeza nafasi tupu ni 28. Unahesabu kuanzia sifuri. ㅎ ni ya mwisho kwenye foleni ya kuanzia, kwa hiyo 18. ㅏ ni 0. ㄴ ikifunga ni 4. Basi 18 mara 21, jumlisha 0, zidisha kwa 28, jumlisha 4: unapata 10,588. Ongeza 44,032, mahali visanduku vinapoanzia. 54,620. Hesabu ya shule ya msingi kabisa, ila kuigeuza kwenye mtindo wa kumi na sita ndiko kulikonitoa jasho: D55C.

Nikaandika D55C kwenye Word, nikabonyeza Alt na X.

한

Kijana akasogeza kiti chake karibu. "Hebu fanya na langu, kaka."

Lilikuwa na silabi mbili. Duka lilichelewa kufungwa siku hiyo.