Kitunguu Kikubwa cha Tononoka



Juma hili safari yetu haikuvuka maji. Tulitoka Mji wa Kale baada ya sala ya alasiri, tukapita Marikiti ambako vitunguu vilikuwa vimerundikwa ndani ya magunia ya neti, tukashika Barabara ya Abdel Nasser, tukaenda kwa miguu hadi Tononoka. Huko tulikuwa na miadi na mama mmoja mtu mzima, mpishi wa biriani za harusi. Habari zake zilikuwa zimetufikia kwa njia mbili zisizopatana. Wengine walisema amelima vitunguu vikubwa vya ajabu juu ya paa la nyumba yake. Wengine walisema amepoteza fedha za wanawake wenziwe. Tukaona heri twende tukaone kwa macho yetu kabla ya kusadiki au kukanusha.

Wazee wetu wakisema mtu ametononoka, humaanisha amenawiri na kunenepa, neema imemwonekana mwilini. Mtaa wenyewe leo ni wa majumba ya ghorofa yaliyosogeleana, ukumbi wake wa mikutano, skuli, na ule uwanja ambao wanasiasa wameuzoea kwa mikutano yao. Chini hapana nafasi ya kulima hata mche wa mchicha. Mwenye kutaka kulima hupanda juu, nasi tukapanda ngazi nyuma ya mwenyeji wetu, tukipumzika kila ghorofa, yeye akitungoja na kucheka.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia tena tulipofika, maana pumzi zilikuwa zimetuishia mlangoni.

"Marahaba, wanangu. Karibuni shamba."

Shamba lenyewe ni nyumba ndogo ya nailoni, ile ambayo wakulima wa bara huiita kivungulio. Urefu wake ni hatua sita na upana wake hatua nne. Nguzo zake ni mabomba ya chuma, na ndani zimepangwa ndoo tupu za rangi zilizotobolewa chini na kujazwa udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Kutoka hapo mtu huona minara ya misikiti, matangi ya maji juu ya mapaa, na kwa mbali utepe wa bahari.

Mwenyeji wetu alianza kisa chake na mwaka 2023. Wasomaji watakumbuka jinsi bei ya kitunguu ilivyopanda mwaka ule nchini Kenya, hata mama wa nyumba akawa anahesabu vitunguu kimoja kimoja. Sehemu kubwa ya vitunguu tulavyo hutoka Tanzania, na vilivyo mashuhuri ni vile vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Vikichelewa njiani au vikipungua shambani, sufuria zetu hujua. Kwa mpishi wa biriani hilo si jambo dogo, kwani biriani bila vitunguu vya kukaanga si biriani.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo mjukuu wake alimwonyesha picha kwenye simu. Mkulima aitwaye Gareth Griffin, wa kisiwa cha Guernsey kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, alikuwa amepeleka kwenye maonyesho ya Harrogate, Uingereza, kitunguu kimoja chenye uzito wa kilo 8.97. Kilitangazwa kuwa kizito kupita vyote vilivyowahi kupimwa duniani. Yule mama akasoma kwamba vitunguu vya namna hiyo hulelewa ndani ya nyumba za nailoni. "Nikasema, kwao kisiwa na kwetu kisiwa," alituambia. "Wao wana baridi, sisi tuna jua. Kwa nini wao wapate na sisi tukose?"

Akaupeleka mpango wake kwa wenziwe wa chama. Walikuwa wanawake 12, na kila mmoja akatoa shilingi 4,000. Fedha hizo, 48,000 kwa jumla, zikanunua mabomba, nailoni, udongo, na mbegu za kitunguu kikubwa zilizoagizwa kutoka nje kwa bei iliyowafanya wengine wavute pumzi. Mbegu zilipandwa mwezi wa Disemba. Zikaota vizuri. Majani yakapanda, yakawa marefu na mazito, na kila mgeni aliyefika pale juu akasema mashallah.

Januari ikapita, Februari ikapita. Masika yakaja, na ndani ya nailoni joto na unyevu vikaleta madoa ya kuvu juu ya majani. Ramadhani ikaja na kwenda, Idi mbili zikasaliwa. Ilipofika Julai yule mama aliuchimbua mche mmoja kwa mkono wake mbele ya wenziwe. Chini ya majani yale yote hapakuwa na tunguu. Shina lilikuwa limenenepa kidogo tu, mfano wa kidole gumba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wawili katika chama walijitoa na kudai fedha zao. Hakuwalaumu, wala hakusema kuwa biashara ina faida na hasara, ingawa angeweza kusema hivyo. Alisema, "Mbegu nilichagua mimi. Ile ilikuwa amana." Akauza bangili yake moja ya dhahabu, akawarudishia shilingi 4,000 zao kila mmoja, na zilizobaki akazitia katika mfuko wa chama. Mmoja wa wale wawili, jirani yake wa tangu utotoni ambaye sasa anaishi Mji wa Kale, hakukanyaga tena Tononoka.

Sababu ya hasara ile alielezwa na mchuuzi wa vitunguu kutoka Taveta aliyekutana naye katika soko la Kongowea. Nasi tunaieleza hapa kwa urefu, kwa kuwa twajua wapo wasomaji wetu wanaotamani kuagiza mbegu kama zile.

Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walitangaza uchunguzi ulioonyesha kuwa mimea huhesabu urefu wa mchana na wa usiku, na kwa hesabu hiyo hujua wakati wa kutoa maua. Kitunguu nacho kina hesabu yake. Kwanza hutoa majani. Kisha mchana ufikiapo urefu unaokipasa, huacha majani na kuanza kujaza tunguu. Kila jani lina pete yake ndani ya kitunguu, hivyo chenye majani mengi huwa na pete nyingi na kikawa kikubwa. Aina za Ulaya, zikiwamo hizo kubwa za maonyesho, hungoja mchana wa saa 14 hadi 16. Guernsey huupata mchana huo kila kiangazi, na mwezi wa Juni huzidi saa 16. Mombasa, iliyo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, haiupati kamwe. Kwetu tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Kitunguu kile cha kigeni kilikuwa hai, kina afya, kimekaa kinangoja mchana ambao haukuandikiwa mji huu.

Jambo hili sisi Waislamu hatuna haja ya kulitafuta mbali. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni. Jamaa zetu walioko London walifunga zaidi ya saa 18 kwa siku, nasi hapa tulifunga takriban saa 13, kama tunavyofunga karibu kila mwaka. Adhana ya magharibi ya Mombasa haisogei sana kutoka mwezi hadi mwezi. Jua lile lile linalotupangia futari ndilo linalokipangia kitunguu.

Mjukuu alishauri zitiwe taa ndani ya nailoni ili kuurefusha mchana. Wazo lake halikuwa la kipuuzi, kwani hata huko Uingereza wakulima wa maonyesho huilea miche yao chini ya taa wakati wa baridi. Lakini walipokaa kuhesabu tokeni za stima za saa nne kila usiku kwa miezi, waliona kitunguu kingekuwa ghali kuliko nyama.

Basi alianza upya. Alitafuta mbegu za mchana mfupi, ambazo hujaza tunguu kwa mchana wa saa 12 au chini yake: Red Creole, Bombay Red, na Texas Grano ambayo ndiyo kubwa zaidi kati ya hizo. Akakunja nailoni ya pembeni zote nne, akaweka neti mahali pake, akabakisha nailoni ya juu peke yake kwa ajili ya mvua. Ulaya nyumba ya nailoni hutunza joto. Kwetu joto lipo tele, na likizidi hukifanya kitunguu kikomae mapema kingali kidogo. Maji nayo aliyabadilisha. Awali alikuwa akimwagilia maji ya kisima, ambayo hapa kisiwani yana chumvi, na kitunguu hakiivumilii chumvi. Sasa hununua maji matamu ya mkokoteni, jerikeni za lita 20, na hukinga ya mvua yanayoteremka juu ya nailoni. Shingo za majani zilipoanza kulala, aliacha kumwagilia, akang'oa, akavianika kivulini penye upepo muda wa majuma mawili.

Tulimuuliza alivuna kiasi gani. Hakutuficha. Katika miche 90 alipata vitunguu 71. Kikubwa kuliko vyote, cha Texas Grano, kilikuwa na gramu 260 kwenye mizani ya jikoni. Vyote kwa pamoja vilikuwa kilo 9 na kidogo.

"Yaani shamba langu zima," alisema, "ni kitunguu kimoja cha yule Mzungu." Akacheka hadi akaketi juu ya ndoo. Kisha akasema kwa utulivu kuwa sufuria moja ya biriani ya harusi inaweza kuvimaliza vyote, na kwamba bangili haitarudi kwa njia hii. Lakini nguzo zipo, udongo upo, na wanawake 10 waliobaki hupokezana zamu ya kumwagilia. Ndoo nyingine wameotesha mchicha na dania. Hata yale majani marefu ya mwaka jana hawakuyatupa. Yasiyopata madoa waliyakatakata, wakayatia katika bajia, wakaziuza.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 61, kitunguu kimetajwa miongoni mwa vitu walivyovitamani Wana wa Israili wakati walipokuwa na chakula walichoruzukiwa. Tuliikumbuka aya hiyo tukiwa pale juu, wala si kwa kumhukumu mwenyeji wetu. Nani kati yetu hakutazama picha ya neema ya mji mwingine akadhani ni mbegu tu iliyomkosesha?

Jua lilipokaribia kuzama tuliomba ruhusa. Yule mama alichagua vitunguu vitano, akaviweka katika kikapu kidogo cha ukili, akafunika kwa kitambaa. Akatutajia nyumba moja ya Mji wa Kale, ya yule jirani yake wa utotoni. Tulipomuuliza salamu za kufikisha, alisema, "Hapana salamu. Vipelekeni tu."

Tulisali magharibi njiani, tukafika kwenye nyumba ile kwa giza la mwanzo. Mama aliyefungua mlango alikifunua kikapu, akakitwaa kitunguu kimoja, akakipima kwa kiganja muda kidogo. Hakuuliza kimetoka wapi. Aliuliza kama maji bado hupandishwa kwa ngazi. Tukamwambia ndiyo, jerikeni kwa jerikeni.

Akaviingiza vitunguu ndani, nasi tukangoja barazani turudishiwe kikapu, kwa kuwa tulidhani tumetumwa tukirudishe. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu.

"Kikapu nitakipeleka mwenyewe," alisema.