Mto Mkavu Si Mto Mfu

Si lazima ufunge safari hadi Turkana ili watoto wako waione nchi kame. Machakos iko takriban kilomita 60 tu kutoka Nairobi. Ukiupita mji huo ukashika barabara ya Kitui, baridi ya vilimani inakuacha na jua linakupokea. Hapo umeingia upande wa Masii, Mwala na Wamunyu, nchi ya mbaazi, migunga na vumbi, na ya wachongaji hodari wa vinyago. Ng'ambo ya Mto Athi utauona uwanda wa Yatta, bapa kama meza. Hiyo ni lava iliyoganda zamani, yenye urefu wa karibu kilomita 300.

Lakini leo sikuandikii kuhusu mandhari. Nataka tuzungumze juu ya mahali utakapopiga hema.

Njiani utavuka mito isiyo na maji. Ni mchanga mtupu, laini, usio na miiba, kana kwamba umetandikiwa wewe. Wanangu walipouona mmoja wa aina hiyo karibu na Mwala, mwezi wa Novemba, walikwisha kushusha magodoro kabla sijazima gari. Mama mmoja mkongwe aliyekuwa akipita na punda wake akasimama.

"Mwanangu, hawa watoto ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Basi waambie watoke mtoni."

Mbingu zilikuwa safi, hazina wingu. Akanyosha kidole kwenye vilima vya Machakos tulikotoka. Mvua ikinyesha kule, alisema, hapa huisikii; unaona maji tu. Tukapiga hema juu ya ukingo, penye mawe.

Mto haukuja usiku ule, na watoto hawakukosa la kusema. Lakini alfajiri walifika wanawake wenye mitungi. Wakafukua mchanga, wakangoja, maji yakajaa shimoni, wakayateka kwa kikombe. Mchanga ule ndio tangi lao, kwani huyaficha maji jua lisiyakaushe. Ndiyo maana watu wa Ukambani hujenga kuta za mawe na saruji kuvuka mito kama hii, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Tungelala pale, tungepika, tungeoga na kujisaidia juu ya kisima cha watu.

Na usidhani onyo la yule mama ni hadithi za wazee. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilitumbukia katika Mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Enziu nao ni mto wa msimu.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Mwala beba maji yako mwenyewe. Waombe wenyeji ruhusa, kisha uwaulize mto hufika wapi unapojaa, upige hema juu zaidi ya hapo. Ukikuta maji yamefunika barabara, zima gari ungoje, hata wenye haraka wakikupigia honi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukichelewa kurudi, uliowaacha nyumbani watakusamehe.